CD za marehemu mzee: WAV, MP3 au FLAC?

Maswali ya wasomaji na majibu ya fundi wetu

SWALI: Asalaam aleykum fundi. Nipo hapa Tanga mjini, Ngamiani, barabara ya 12. Marehemu baba katuachia CD kama mia tatu na ushee, taarabu za zamani, dansi, Kongo, kaswida, reggae, nyingine ni orijino kabisa zina vile vijitabu vyake ndani, nyingine alichomewa madukani, na kuna mpaka zile za video. Deki imekufa, mafundi wanasema lenzi yake haipatikani. Nataka niziingize zote kwenye laptopu alafu nyumba nzima tusikilize, mama sebuleni kwenye tivii, mimi barazani na simu yangu, wadogo zangu chumbani. Sasa kila mtu ana lake. Mpwa wangu anasema MP3 ya 320 yatosha, jamaa wa duka la kompyuta anasema WAV ndo sauti yenyewe kinyume na hapo nisijisumbue, na mtandaoni naona watu wanaapa kwa FLAC. Alafu kinachonitia hofu kuliko vyote ni bando, maana nikisikia tu neno kustrimu najua hela inakwenda. Nishike lipi?

JIBU: Waaleykum salaam ndugu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee, na hongera kwa kutozitupa, maana wenzako CD zao zimeishia kuning'inizwa shambani kufukuza ndege.

Nianze na hilo la bando kwa sababu naona ndo linalokunyima usingizi. Haliliwi. Laptopu na simu zenu zote zimeshika rauta moja hapo ndani, wimbo unatoka kwenye laptopu, unapita kwenye rauta, unaingia kwenye simu ya mdogo wako, hautoki nje ya nyumba hata hatua moja, na bando likiisha saa hiyo hiyo muziki unaendelea kama kawaida. Bando linaliwa ukisikiliza YouTube kwa vile wimbo unatoka kwenye mashine zao huko ng'ambo. Hapa mashine ni yako, ipo kabatini.

Sasa fomati. Mimi nakwambia FLAC, na ntakwambia kwanini, alafu ntakwambia pia ni CD zipi za mzee usizihangaishe na FLAC hata kidogo, hapo ndo watu wengi wanajichosha bure.

CD ya muziki inabeba sauti iliyopimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, kulia na kushoto, ukizidisha unapata kama kilobiti 1,411 kwa sekunde. Hesabu hizo waliziweka Sony na Philips mwaka 1980, CD zikaingia sokoni 1982, na mpaka leo hazijabadilika. WAV inachukua hizo namba zote inazimwaga kwenye faili kama zilivyo, kwaiyo CD ya saa moja inakula kama MB 635. FLAC inachukua namba zile zile inazifinya, CD hiyo hiyo inarudi kwenye MB 300 mpaka 400 hivi kutegemea na muziki wenyewe. Inafanyaje? Inakisia kipimo kinachofuata kwa kuangalia vilivyotangulia, alafu inaandika tofauti tu kati ya ilichokisia na kilichopo kweli, na tofauti hizo ni namba ndogo, hazihitaji nafasi kubwa. Ukipiga wimbo inazirudisha zote, namba kwa namba. Ni kanga iliyokunjwa kabatini, ukiikunjua pindo lipo, mji upo, jina lipo. MP3 yenyewe imekata pindo kwa hoja kwamba ukishajifunga halionekani sana.

Kwaiyo jamaa wa dukani kapatia kusema WAV ni sauti kamili, kakosea kudhani FLAC haijakamilika. Tena WAV ina udhaifu mkubwa, haibebi vizuri majina ya nyimbo na waimbaji, kuna programu zinasoma na kuna zisizosoma, na ukiwa na nyimbo elfu tatu na zaidi zinazoitwa Track 01, Track 02, utajuta. FLAC inabeba majina, mwaka, mpaka picha ya kava. Na ni ya bure, Josh Coalson aliitoa mwaka 2001, mwaka 2024 ikaingizwa rasmi kwenye viwango vya intaneti kwa namba RFC 9639, yaani hakuna kampuni itakayoamka kesho ikuzibie njia ya kufungua muziki wa baba yako.

Mpwa wako naye si mjinga. MP3 ya 320, yaani kilobiti 320 kwa sekunde, iliyotengenezwa vizuri, ukaipiga kwenye spika za kawaida sebuleni na feni inazunguka, watu wengi hawaitofautishi na CD, mimi mwenyewe sitaki ubishi na mtu hapo. Ila fikiria kazi iliyopo mbele yako. Mia tatu na ushee! Kila moja uifute, uiweke, usubiri, uandike majina, uitoe, uweke nyingine. Hiyo kazi hutaki kuirudia maishani. Ukiwa na FLAC, siku ukitaka MP3 za gari au kitu kingine chochote unaiamuru kompyuta usiku, asubuhi zipo tayari. Ukiwa na MP3 tu, kilichokatwa hakirudi, na kila ukiibadilisha kwenda fomati nyingine ya kukata unakata tena juu ya kidonda. Nafasi nayo isikutishe, chukulia CD 300 kwa MB 350 ni kama GB 105, eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka, ya TB 1 hata robo yake haijafika.

Utaona programu inakuuliza ngazi ya kufinya 0 mpaka 8. Sauti ni ile ile kote, kinachobadilika ni muda na MB chache, acha kwenye 5 ilipo uendelee na mambo yako. Na usikubali mtu akushauri upandishe iwe biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde ati ndo iwe nzuri zaidi, CD haina hicho kitu ndani yake, utapata faili nene tu.

Haya, sasa kaa kitako uupange mzigo wa mzee, maana neno CD kwetu lilibeba vitu vingi sana.

Zile orijino zenye vijitabu hazina maneno, FLAC moja kwa moja. Kisha kuna za kuchomwa. Unakumbuka miaka ile mtu anakwenda dukani na kikaratasi cha nyimbo anazozitaka, jamaa anazo kwenye kompyuta kama MP3 za 128, anazichoma zinatoka CD ya kawaida inayopiga kwenye deki yoyote? Hiyo ukiiripu, yaani kuitoa kwenye CD iwe faili, leo kwa FLAC unapata faili kubwa lenye sauti ile ile ya MP3 ya 128, hakuna fomati inayorudisha kilichoshakatwa. Kuna programu ya bure inaitwa Spek, unaitupia faili inakuchorea picha ya sauti, kama juu ya kilohezi 16 hivi, kule kwenye sauti nyembamba kabisa, kumekatika ghafla, mstari umenyooka kama umepigwa rula toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, ujue ilikuwa MP3. Ila usiharakishe kuhukumu, rekodi za miaka ya 60 na 70 nazo juu huko hazina kitu, tofauti ni kwamba zenyewe zinafifia taratibu na mvumo wa tepu unauona umetapakaa, hazikatiki kwa rula. Mimi hata hizi za kuchomwa bado nakwambia uzitoe kwa FLAC kama ndo nakala pekee iliyopo, ukizirudisha kwenye MP3 umezikata mara mbili, we weka tu alama kwenye jina la folda ujue ni za kuchomwa ili siku ukipata orijino ubadilishe. Na anza na hizi! Rangi iliyo ndani ya CD ya kuchomwa inaharibiwa na mwanga na joto, na joto letu la pwani mnalijua, za kiwandani zinavumilia zaidi.

Fungu jingine ni CD za MP3, zile zenye nyimbo mia na kitu kwenye kipande kimoja. Hapo hakuna kuripu, ni faili tu, nakili uende zako. Kuzigeuza FLAC ni kupoteza diski.

Na zile za video, VCD, ndo zenye mtego. Ukiifungua kwenye kompyuta utakuta folda inaitwa MPEGAV, ndani kuna faili kama AVSEQ01.DAT. Sauti yake ni MP2 ya kilobiti 224, ilishakatwa toka kiwandani, kwaiyo FLAC haina kazi hapo pia. Nakili hilo faili la DAT lihifadhi kama lilivyo, programu ya VLC inalipiga, na ukitaka sauti peke yake tumia programu ya ffmpeg na uiambie inakili sauti bila kuigeuza. VCD ikikwaruzika inasumbua kuliko CD ya kompyuta, maana picha na sauti vimeandikwa bila ule ulinzi wa ziada wa kusahihisha makosa, kwaiyo ikikwama isafishe ujaribu kwenye deki nyingine ya kompyuta kabla hujakata tamaa. Kusafisha ni kitambaa laini, unafuta kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Na uangalie zaidi upande wa maandishi, watu wanalinda upande unaong'aa lakini ile ngozi inayobeba muziki iko chini tu ya maandishi, mkwaruzo wa huko hautibiki.

Kwenye kuripu kwenyewe, kama laptopu ni ya Windows chukua Exact Audio Copy, ni ya bure, ikikuta mahali pabaya inarudia kusoma mpaka ijiridhishe au ikwambie wazi hapa pameshindikana. Ina kitu kinaitwa AccurateRip, inalinganisha matokeo yako na ya watu wengine duniani walioripu CD hiyo hiyo, mkilingana ujue imetoka safi. Taarabu zetu nyingi hutazikuta humo, basi tumia kile kipengele cha kujaribu na kunakili, inasoma mara mbili na kukupa namba ya kila safari, namba zikifanana imesoma sawa. Mwenye Mac atumie XLD. Laptopu nyingi za siku hizi hazina mlango wa CD, unanunua deki ya nje ya kuchomeka USB.

Majina ndo patakapokutoa jasho. CD za Wazungu programu zitazitambua zenyewe, MusicBrainz Picard ni nzuri kwa hilo, za kwetu andika kwa mkono, na amua mapema utaandikaje. Ukiandika mara Atomic Jazz, mara Atomic Jazz Band, mara Atomik, seva, yaani ile programu itakayogawa muziki nyumba nzima, itakutengenezea bendi tatu wakati ni ile moja ya hapo hapo Tanga. Pia kuna sehemu mbili tofauti, msanii wa wimbo na msanii wa albamu. Mfano Shakila, kaimba Black Star na kaimba Lucky Star, basi kwenye msanii wa albamu weka kikundi, kwenye msanii wa wimbo weka Shakila, hapo mama akimtafuta Shakila anampata kote na vikundi havichanganyiki. Kava ipige picha na simu, iite cover.jpg, itupe kwenye folda ya hiyo albamu.

Ikishafika hapo unaweka seva. Navidrome ni ya muziki tupu na ni nyepesi, Jellyfin inabeba na video kwaiyo zile VCD zako zina pa kukaa, zote za bure na zinakaa kwako. Laptopu kuukuu inatosha na ina faida moja kubwa, betri yake, umeme ukikatika haizimi ghafla ikakuharibia faili. Ingia kwenye mipangilio uiambie isilale, na ukifunga kifuniko isifanye kitu, hili watu wanalisahau alafu wanalalamika seva mbovu. Tivii nyingi za kisasa zinaiona Jellyfin kwa DLNA, ile njia ya vifaa vya nyumba moja kuonana, au kwa programu yake.

Waifai isikutie shaka, FLAC inapita kwa kilobiti 700 mpaka 1,000 hivi kwa sekunde, kwa rauta hiyo si kitu. Kinachosumbua ni kuta, nyumba zetu za zamani kuta ni nene kweli kweli, ukifika baraza ya nyuma waifai inakata. Sogeza rauta katikati ya nyumba, au kwenye Navidrome chagua kwa hiyo simu tu iwe inatumiwa fomati ya Opus ya kilobiti 128, seva inabadilisha wakati huo huo inapopiga na FLAC yako inabaki palepale bila kuguswa. Opus ni ya mwaka 2012, kwa kilobiti chache inaipiga MP3 mbali sana.

Na nunua eksteno mbili. Moja ifanye kazi, nyingine nakala, ikae nyumba nyingine kwa shangazi au popote. FLAC ina alama yake ya ukaguzi ndani, unaweza kuiamuru kompyuta ikague faili zote ikwambie kama kuna lililoharibika, WAV haina hicho. Hizo CD zenyewe ukimaliza usizigawe.

SWALI: Fundi habari za saa hizi. Mimi mama wa Makorora, kijana wangu kaniwekea nyimbo za FLAC ila natumia iPhone na kwenye ile programu ya muziki hazionekani kabisa. Nimwambie azifanye MP3?

JIBU: Nzuri mama, shikamoo. Asizifanye MP3. Ile programu ya muziki ya Apple haipokei FLAC, wana ya kwao inaitwa ALAC, waliitoa mwaka 2004 na wakaifungua kwa wote 2011, nayo haikati kitu. Mwambie azigeuze kutoka FLAC kwenda ALAC, kwa programu ya fre:ac ni dakika chache, sauti inabaki ile ile kabisa na majina yanahama nayo. Au asisumbuke, akuwekee VLC kwenye hiyo simu, inapiga FLAC bila shida. Kama nyumbani kwenu kuna seva basi hata hilo halikuhusu, seva inajua yenyewe cha kuitumia simu yako.

SWALI: Mambo fundi, hapa Chumbageni. Nina spika ya Bluetooth, mshkaji kanicheka eti FLAC kwa Bluetooth ni kujidanganya. Kweli?

JIBU: Poa. Nusu kweli. Bluetooth ya kawaida, ile inayofinya sauti kwa njia iitwayo SBC, inaishia kilobiti 328 hivi kwa sekunde, kwaiyo simu inaifungua FLAC alafu inaikata upya ndo inairusha kwenye spika. Hupati CD kamili, kweli. Ila ukiwa na MP3 inakatwa mara ya pili, na hasa zile za 128 unazisikia, matoazi yanakuwa kama yamelowa maji. Kwaiyo faili liache FLAC. Unataka kusikia tofauti yenyewe, chomeka sabufa kwa waya, waya wa AUX bei yake haizidi soda chache, kisha umwite huyo mshkaji.

SWALI: Fundi, mimi dereva, natoka Pongwe. Redio ya gari inakubali flashi lakini FLAC haisomi, MP3 inasoma ila inazipiga shaghalabaghala, namba tano inaanza kabla ya namba moja. Nifanyeje?

JIBU: Pole na barabara ndugu. Redio nyingi za gari za zamani zinajua MP3 na WMA basi, hapo hakuna ujanja, na MP3 haina ubaya wowote kwenye gari, injini yenyewe inaimba. Mwaka 2017 haki za hataza zake zilipoisha watu wakaandika eti MP3 imekufa, wakati ndo kwanza imekuwa ya bure kwa kila mtu. FLAC zibaki nyumbani, toa nakala za MP3 kwa programu ya LAME, ngazi ya ubora V2, inakaa kwenye kilobiti 190 hivi, flashi ya GB 32 inabeba nyimbo elfu tano na zaidi za dakika nne nne. Flashi iformatiwe kwa mfumo wa FAT32, vinginevyo redio nyingi haziioni.

Hilo la kuvuruga ni kwamba redio yako haisomi majina, inapiga kwa mpangilio ule ule faili zilivyoingia kwenye flashi, na kompyuta inaponakili lundo kwa mpigo si lazima ianze na la kwanza. Yape majina yaanze na 01, 02, 03, futa flashi yote uiformati upya, kisha nakili folda moja, isubiri imalize, ndo ulete nyingine. Ukija kuongeza wimbo mmoja baadae utakaa mwisho hata ukiuita 00, kwaiyo siku ya kuongeza nyingi ni bora uifute na kuijaza tena.